Nani Aamue Ng'ombe Asiye Mgonjwa Afe?

Mimi ni daktari wa mifugo, na sina ugomvi na kuua mnyama mgonjwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia katika nchi isiyokuwa nao, kila saa ina uzito wake: ng'ombe mwenye malengelenge ulimini anamwaga virusi kwa mate, kwa pumzi na kwa maziwa. Ninachopinga ni sheria inayomruhusu waziri kuua mifugo bila mtu yeyote kuonyesha kwamba ugonjwa umeifikia. Uingereza walilipitia hili mwaka 2001.

Ugonjwa uligunduliwa Februari kwa nguruwe waliofikishwa machinjioni Essex. Chanzo kikafuatiliwa hadi shamba la nguruwe la Heddon-on-the-Wall, kaskazini, walikolishwa makombo ya vyakula. Lakini wakati huo kondoo walioambukizwa walishapita minada ya Hexham na Longtown na kutawanyika nchini. Kondoo ndiye anayetusumbua zaidi. Ng'ombe hudondosha udenda na kuchechemea, kila mtu anaona. Kondoo anaweza kuwa na kidonda kidogo tu kwenye ufizi, kikapona kabla hujamfunua mdomo.

Machi, wataalamu wa hesabu za milipuko, wakiwamo wa Imperial College, chuo kikuu cha London, wakaja na dawa yao: shamba lenye ugonjwa limalizwe ndani ya saa 24, na yote yanayopakana nalo ndani ya saa 48. Kupakana kwenye ramani kukawa hukumu. Daktari aliyeliona zizi, akajua kuna mto katikati au kwamba ng'ombe wa jirani wamefungiwa bandani tangu baridi ianze, neno lake halikuwa na nguvu. Zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa mwaka ule, wengi wao wazima kabisa.

Wafugaji walishika kifungu. Sheria ya Afya ya Wanyama ya 1981 iliruhusu kuua mnyama mgonjwa, anayeshukiwa, aliyechangamana na mgonjwa, au aliyefikiwa na maambukizi kwa njia nyingine yoyote. Basi wakafunga mageti, wakaita mawakili, wakauliza: virusi vimepitia wapi? Kesi nyingine serikali ilishinda. Lakini Juni, Mahakama Kuu iligoma kuipa amri ya kumuua Grunty, nguruwe wa kufugwa nyumbani. Kabla ya hapo, Aprili, ndama mweupe alikutwa hai kando ya mizoga huko Devon, akaitwa Phoenix, picha zake zikajaa magazetini na masharti ya kuua mashamba jirani yakalegezwa. (Inaudhi kidogo kwamba picha moja ilifanya kazi ambayo hoja zetu za kitaalamu zilishindwa.)

Serikali ilipoona kifungu kinambana waziri, ikabadilisha kifungu. Muswada ulikwamishwa na Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge lao, Machi 2002, ripoti za uchunguzi wa mlipuko zisubiriwe kwanza, lakini Novemba ukawa sheria. Tangu hapo waziri anaweza kuua mnyama yeyote anayeona afaa kuuawa ili ugonjwa usienee, awe amefikiwa na maambukizi au la. Wapinzani hawakutoka mikono mitupu: waziri lazima kwanza afikirie chanjo, na asipoitumia atangaze sababu.

Na chanjo ilikuwapo hata 2001. Ilikataliwa kwa sababu ya biashara ya nje; aliyeua alirudishiwa soko mapema kuliko aliyechanja. Uholanzi walichanja, kisha wakawaua waliochanjwa.

Watetezi husema fidia ililipwa. Ni kweli, ila fidia hulipa thamani ya sokoni. Kwenye milima ya Cumbria kondoo wanalisha bila uzio. Kila kundi linajua eneo lake kwa sababu jike humfundisha mwanawe. Kundi likiuawa lote, wageni ulionunua kwa hela ya fidia watatangatanga hadi kwa jirani.

Kwetu Tanzania ugonjwa huu upo miaka yote. Tunachanja, tunafunga minada, tunaweka karantini. Tungefuata saa 48 za Uingereza, mikoa mizima ingebaki bila ng'ombe. Hata hivyo ipo siku utaingia ugonjwa ambao serikali itataka kuumaliza kwa bunduki, na mimi ningetaka kifungu kimoja: asiuawe mnyama wa jirani mpaka daktari aliyeingia zizini aandike, kwa jina lake, ni njia gani anaamini ugonjwa ulipita, na mfugaji apewe nakala kabla bunduki haijatolewa garini.