Eti ukizidisha lazima namba ikue?

Hii tumeimeza tangu shule ya msingi, kwamba ukizidisha jibu lazima liwe kubwa. Sasa nenda buchani, nyama kilo moja ni 12,000 na wewe unataka robo tu, hesabu yake ni 12,000 × 0.25 unapata 3,000, umezidisha na namba imeshuka. Ukizidisha kwa namba iliyo chini ya 1 ndo inavyokuwa. Mwanafunzi aliyekariri ile dhana akiona 3,000 anashtuka, anafuta, anagawanya, anapata 48,000, robo kilo hiyo sijui ni ya ng'ombe gani.

Nyingine, "kuzidisha kwa 10 unaongeza sifuri mwishoni". Kwa 25 sawa, ila kwa 2.5 ukiongeza sifuri unapata 2.50 ambayo ni ile ile 2.5, hujafanya kitu. Kinachotokea ni tarakimu kuhama nafasi moja kwenda kushoto, kwa hiyo 25. Na 0.2 × 0.3 ni 0.06 jamani, sio 0.6.

Halafu kuna hii ya wazazi, mtoto akikosa wanasema hajui tebo. Mdogo wangu tebo anazo zote mpaka ya 12, juzi kapewa 34 × 26, kaandika 204, chini yake akaweka 68 imenyooka kabisa na ile ya juu, kajumlisha kapata 272. Tebo haina kosa hapo, ila ile 2 ya kwenye 26 ni ishirini, ilitakiwa 680, jumla 884. Angekadiria kwanza tu, 30 mara 30 ni 900, ile 272 ingemshtua mwenyewe kabla hata ya mwalimu.

Ya mwisho ni "kalkuleta haikosei". Nilichukua daftari la 1,000 na peni tatu za 300 kila moja, muuzaji akabonyeza 1,000 + 300 × 3 kwenye kile kidude chake, ikaja 3,900. Zile ndogo nyingi zinapiga hesabu kadiri unavyobonyeza, MAGAZIJUTO (ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) hazijui, wakati ya kwenye simu kwa kawaida inaanza na kuzidisha. Nikamwonyesha simu yangu inasema 1,900, akaona namwibia, tukabishana weee mpaka akazihesabu peni peke yake kwa vidole, 900, akaongeza daftari, akanirudishia chenji bila kuniangalia.