Gugu maji hulishwa kutoka milimani

Siku moja baada ya mvua kubwa, simama darajani Ahero uteke maji ya mto Nyando kwa chupa ya glasi. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Weka chupa hiyo dirishani, usiitikise. Asubuhi utakuta tope jekundu limetuama chini na maji yameanza kung'aa juu. Chupa kama hiyo ndiyo ninayobeba kwenye mabaraza, na imenisaidia kuliko chati zote za ofisini.

Niliposema tope hilo linatoka huko juu kwenye milima ya Tinderet, nalo ndilo linalolisha gugu maji ziwani, mama mmoja muuza samaki wa ufuo wa Dunga, Kisumu, alinikatiza: "Sasa mwanangu, udongo wa Tinderet unanihusu nini mimi wa Dunga?"

Unamhusu sana. Udongo ule hushuka na fosforasi, ambayo ni rutuba ya mimea, nyingine yake yenyewe, nyingine ya mbolea tunayotia kwenye miwa na mahindi. Ghuba ya Winam, hii ya Kisumu, haina kina kirefu, na imeungana na Ziwa Victoria lenyewe kwa mlango mwembamba upande wa Rusinga, kwa hiyo kinachoingia hukawia kutoka. Gugu maji, mgeni wa kutoka Amerika Kusini, limejikuta mezani. Likishiba huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mashua zikakwama ufuoni. Fukusi, wadudu wa kulila gugu hilo, waliachiliwa miaka ya 1990, mashine nazo zikaletwa. Lilipungua, kisha likarudi. Sipingi mashine, ila kuopoa gugu huku udongo ukiendelea kushuka ni kupiga deki bomba likiwa wazi.

Wala mambo hayaishii Kisumu. Nyando, Sondu, Yala na Nzoia zote humwaga ziwani, na ziwa hutokea Jinja likawa Nile, hadi Misri. Tangu 1999 nchi za bonde hilo zina Mpango wa Bonde la Mto Nile, makao yake Entebbe. Mawaziri wakutane, ni vizuri. Lakini mkutano haupandi nyasi kingoni mwa mto.

Kinachochuja maji kwa bei nafuu tunacho tayari: mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Maji ya mto yakiingia katikati ya mashina yale hupunguza mbio, udongo ukatua, mizizi ikanyonya rutuba kabla haijafika ziwani. Sisemi yasikatwe, mikeka na vikapu vinasomesha watoto. Kata shina, acha mzizi, litachipua. Kinachoua ni kuchoma na kulima hadi ndani ya maji.

Huko juu, chimba fanya juu shambani, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, na upande nyasi za nepia kwenye tuta hilo: ng'ombe anapata lishe, udongo unabaki. Kingoni, sheria ya Kenya inataka ukanda wa mita 6 hadi 30 usilimwe. Hapo mianzi na mikuyu inafaa. Mkaratusi peleka mbali, ule unakunywa bila kushiba.

Na miche peke yake haitoshi. Mwaka mmoja tulipanda ukingo mzima, tukapiga picha, tukaondoka. Ng'ombe walimaliza kazi kabla mwezi haujaisha. Hatukuwa tumeuliza mtu yeyote mifugo inanyweshwa wapi. Siku hizi tunaketi kwanza na wenye ng'ombe na chama cha watumiaji maji, tunakubaliana njia ya kuteremkia mtoni, na shimo la kwanza tunalochimba ni la nguzo ya ua.