Kabla ya kuliamini jibu la intigrali, chora

Ninapoanza kufundisha intigrali yenye mipaka, siandiki alama yoyote ubaoni mpaka kwanza tujaze ndoo. Chukulia bomba linafunguliwa polepole, hivi kwamba ikifika dakika ya t, maji yanatoka kwa kasi ya lita t² kwa dakika. Mwanzoni hakuna kitu. Dakika ya kwanza inapotimia, kasi ni lita 1 kwa dakika. Ya pili, lita 4. Ya tatu, lita 9. Katika dakika hizo 3, ndoo imepata lita ngapi?

Kasi ingekuwa ileile muda wote, tungezidisha kasi kwa muda, basi. Hii haitulii. Kwa hiyo tunaukata muda vipande vifupi na kuchukulia kwamba ndani ya kila kipande kasi haibadiliki. Kwa vipande vya dakika moja moja, tukishika kasi ya mwanzo wa kila kipande tunapata 0 + 1 + 4, yaani lita 5. Tukishika kasi ya mwisho wa kipande, 1 + 4 + 9, lita 14. Jibu la kweli limebanwa katikati, ila pengo bado ni pana mno. Kata vipande vya nusu dakika: 6.875 na 11.375. Kata vipande 300: 8.955 na 9.045. Hapo darasa huanza kunong'ona "tisa" kabla mimi sijasema neno, na ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote katika somo hili.

Hiyo 9, inayosogelewa kutoka chini na kutoka juu, ndiyo intigrali ya t² kuanzia 0 hadi 3. Ni jumla. Hata alama yenyewe inasema hivyo: ile ∫ ni herufi S iliyorefushwa, aliyoianzisha mwanahisabati Leibniz mwaka 1675 kutokana na neno la Kilatini summa, jumla. Na dt iliyo mwishoni tunapoandika ∫ t² dt ni upana wa kipande kimoja. Mwanafunzi anayeiacha kwa kuiona pambo ameacha muda wenyewe.

Bila shaka hatukai kujumlisha vipande 300 kila siku. Tunatafuta fomula ambayo kasi yake ya kubadilika ni t². Nayo ni t³/3. Weka 3, unapata 9. Weka 0, unapata 0. Toa: 9. Kwa nini njia hii inafanya kazi? Fikiria t³/3 kama mita ya maji. Ukitaka kujua maji yaliyopita, husimami kuyahesabu tone kwa tone. Unasoma mita mwanzoni, unaisoma mwishoni, unatoa. Mita ilianzia namba gani, si hoja, na ndiyo maana ile C, namba isiyobadilika inayoongezwa kwenye fomula na kuwasumbua wengi, hujifuta yenyewe mipaka ikishawekwa.

Lakini mita husomwa hivyo ikiwa haikukatika njiani. Hapa ndipo ninaposahihisha makosa mengi kuliko popote. Nikitoa swali la intigrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1, madaftari hurudi yakiwa na kazi safi kabisa: fomula ni −1/x; kwenye 1 inatoa −1, kwenye −1 inatoa 1; toa, jibu ni −2. Kila mstari umeandikwa vizuri, na jibu haliwezekani. 1/x² haishuki chini ya sifuri hata mahali pamoja. Vipande vyote ni chanya. Jumla yake itakuwaje hasi?

Chora mkunjo huo na utaona: kwenye x = 0 hauna thamani, unapaa moja kwa moja. Usiuvuke, usogelee kutoka upande wa kulia. Eneo lililo chini ya mkunjo, ambalo ndilo jumla ya vipande, kutoka 0.1 hadi 1 ni 9. Kutoka 0.01 hadi 1 ni 99. Kutoka 0.001, ni 999. Pale kwenye ndoo, kila tulipokata vipande vyembamba zaidi hesabu mbili zilikutana. Hapa, kila tunapoisogelea sifuri eneo linakimbia, wala hakuna namba linayoifuata. Intigrali hiyo haipo, na jibu sahihi la swali ni kuandika hivyo hivyo: haipo.