Hazina na magazini ni ndugu

Mtajie polisi wa Dar es Salaam neno magazini, atawaza kile chombo cha risasi kinachopachikwa kwenye bunduki. Mtajie mkazi wa Lubumbashi, atawaza duka. Wote ni wasemaji wa Kiswahili, na hakuna aliyekosea: mmoja neno lilimfikia kupitia Kiingereza, mwingine kupitia Kifaransa.

Chimbuko lake, hata hivyo, ni Kiarabu. Tunajua darasa na madrasa, kitabu na maktaba. Ile ma- ya mwanzo huonyesha mahali. Basi hazina nayo ina nduguye, makhzan, yaani mahali pa kuwekea akiba. Wingi wake ni makhazin.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati wakalibeba. Kwa Waitaliano likawa magazzino, na hadi leo ni ghala. Wahispania, ambao nchi yao ilitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 711, walilimeza pamoja na al- yake, ile inayotangulia majina ya Kiarabu, wakapata almacén. (Hata sukari waliichukua hivyo hivyo: wao ni azúcar, Waitaliano ni zucchero.) Kwa Wafaransa magasin ilikuwa ghala, baadaye ikawa duka. Warusi nao wakiingia magazin wanakwenda kununua kitu.

Waingereza ndio waliolizungusha zaidi. Kwao lilikuwa ghala, hasa la silaha na baruti, na kutoka hapo likashuka hadi kile kighala kidogo cha risasi ndani ya bunduki. Kwa upande mwingine, mwaka 1731, jijini London, mchapishaji Edward Cave alianzisha The Gentleman's Magazine. Alikuwa akizoa habari, insha na mashairi kutoka magazeti mengine na kuyarundika pamoja kila mwezi. Jina lilimaanisha ghala la maandishi. Watu wakazoea, ghala likasahaulika, likabaki jarida.

Kinachonichekesha ni Wafaransa. Waingereza walilipata neno hili kwao, halafu wao wenyewe wakaja kuliazima upya kwa maana ya jarida. Leo mtu wa Paris hununua magazine ndani ya magasin.

Na Moroko je? Huko Makhzen ni jina la dola yenyewe, kwa kuwa ghala la kodi na mamlaka vilikaa pamoja. Mtumishi wa Dodoma anayelalamika kwamba Hazina hawajaleta fedha hayuko mbali sana na hapo.