Mama, vitabu saba havikuongezwa

"Shikamoo mzee," alisema mama mmoja, kisha akaitua Biblia juu ya kaunta kama mtu anayerudisha nazi iliyooza. "Hii uliyoniuzia ina vitabu vya Frimasoni."

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye ukurasa wa yaliyomo, kikasimama kwenye Tobiti. Mchungaji wake kahesabu kapata 73, na kila mtu anajua Biblia ina vitabu 66. Saba wameviongeza Wakatoliki. Arudishiwe hela yake.

Nauza vitabu vya dini hapa Ngamiani, Tanga, tangu nywele zikiwa nyeusi, na maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno hata nikiona mtu anaingia na Biblia ndani ya mfuko wa kaki najua yanayokuja. Na niseme mapema: mimi ni Mwanglikana, babu yangu alibatizwa Magila kule Muheza, kwa hiyo sina hisa Roma. Ninachotetea hapa ni tarehe tu.

Vitabu vyenyewe ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Solomoni, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, pamoja na vipande vya Esta na Danieli. Ni vitabu vya Wayahudi, vilikuwepo kabla Kanisa halijazaliwa. Wayahudi waliokaa Aleksandria, Misri, walianza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki karne ya tatu kabla ya Kristo, na tafsiri hiyo, Septuaginta, ndiyo Wakristo wa kwanza waliyoipokea. Mitume wanaponukuu Agano la Kale katika Agano Jipya, mara nyingi maneno yao ni ya Septuaginta. Vitabu hivi vilisafiri humo. Marabi wa Wayahudi walibaki na orodha ya Kiebrania, ambayo haina hivyo saba. Basi tangu mwanzo kulikuwa na orodha mbili, fupi na ndefu, na ubishi upo tangu hapo. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini akiwa Bethlehemu, aliegemea ile fupi. Augustino, askofu wa Hippo, aliegemea ndefu. Sinodi ya Kartago ya mwaka 397, hapa hapa Afrika, nchi inayoitwa Tunisia leo, ikaipitisha ndefu.

"Viliongezwa Trento mwaka 1546," huniambia wale waliosoma kidogo, wakimaanisha mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki. Huwajibu kwa swali. Gutenberg alipiga chapa Biblia yake kule Mainz karibu mwaka 1455, na Martin Luther, baba wa Waprotestanti, alizaliwa 1483. Tobiti yumo kwenye Biblia ya Gutenberg. Aliingiaje? Trento ilifunga mlango wa nyumba ambayo watu walishakaa humo miaka zaidi ya elfu.

Sasa Wakatoliki wasianze kupiga vigelegele, maana nao wana lao: "Luther alivichana." Hakuchana kitu. Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 inavyo. Aliviweka pamoja katikati ya maagano mawili, akaandika juu yake kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu ila vina faida na ni vizuri kuvisoma. Biblia ya Kiingereza ya King James, 1611, ilivichapa vilevile. Na sisi Waanglikana, Kifungu cha 6 kati ya vile 39 vya imani yetu kinatuambia tuvisome kwa mfano wa maisha, tusijenge juu yake fundisho la imani. Wangapi kati yetu wamekisoma, hilo nisiliulize hadharani.

Basi vilikwenda wapi? Mchungaji wa yule mama angeshangaa: vilitoka kwa uamuzi wa kamati ya wachapaji. Mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje, baada ya ugomvi mkali ambao Waskoti walikuwa mstari wa mbele, kiliamua fedha yake isichapishe tena Biblia zenye vitabu hivyo. Chama hicho ndicho kilichosambaza Biblia za bei nafuu duniani. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, miaka 18 baadaye. Kwa hiyo Biblia nyingi zilizotufikia pwani zilikuwa zimeshapunguzwa uzito huko London, na mjukuu aliyeipokea nyepesi akadhani ile nzito ndiyo imejazwa.

Yule mama akanitolea Ufunuo 22:18, laana kwa mtu atakayeongeza. Nikamwomba asome taratibu: "unabii wa kitabu hiki." Kitabu kipi? Cha Ufunuo. Onyo kama hilo lipo Kumbukumbu la Torati 4:2. Tungelichukua anavyolichukua yeye, basi kila kilichofuata baada ya Musa, kuanzia Yoshua mpaka huo Ufunuo, ni nyongeza.

Halafu nikamfungulia Yohana 10:22, Yesu yuko hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku. Nikamwambia, "Mama, nionyeshe katika vile 66 sikukuu hiyo ilianzia wapi." Akapekua. Mwanzo, Walawi, Ezra. Alipofika Malaki akaniangalia. Haipo. Ipo Wamakabayo wa Kwanza sura ya 4, Yuda Makabayo anaitakasa madhabahu iliyonajisiwa. Kwa haki niongeze kwamba kutajwa sikukuu hakukifanyi kitabu kuwa Neno la Mungu. Waraka wa Yuda, aya ya 14, unanukuu maneno ya Henoko, na kitabu cha Henoko hakimo katika Biblia ya Waprotestanti wala ya Wakatoliki, kimo katika ya Waorthodoksi wa Ethiopia. Mtu anaweza kuvikataa vile saba kwa sababu nzuri kabisa. Asiseme tu vimeongezwa.

Nilimbadilishia. Alitaka ya 66, akapewa ya 66. Alipofika mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, huyo Tobiti anahusu nini. Mbwa yumo, nikamwambia, na samaki, na mkwe.

Ushauri wangu wa kudumu, ambao hakuna anayeufuata: kabla hujanunua Biblia soma kurasa tatu za mwanzo, jina la tafsiri, mwaka na yaliyomo. Wateja wangu huanza na zipu. Zipu ikiwa ya dhahabu, wamenunua.

Mengine ni madogo madogo. Jirani yangu muuza kahawa, mtu mwema na mbishi, anashikilia kwamba Kaisari Konstantino na Mtaguso wa Nikea ndio waliochagua Injili nne na kuzichoma nyingine. Nikea, mwaka 325, walibishana kuhusu mafundisho ya padre Ario na uungu wa Mwana, wakapatana juu ya tarehe ya Pasaka, wakatunga kanuni 20. Hakuna hata moja inayohusu orodha ya vitabu. Askofu Irenei alishazitaja Injili nne, si tano si tatu, karibu mwaka 180, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo iko kwenye barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367. Hunimiminia kikombe kingine, kesho anaanza upya.

"Nipe ile ya asili," mteja huniambia. Anamaanisha Union Version, tafsiri ya Kiswahili. Nzuri, naipenda, nimekua nayo, lakini ni ya 1952. Kabla yake watu walisoma ya Unguja, iliyoanzishwa na Askofu Steere, na ya Karl Roehl ya 1937, Mjerumani aliyekuwa mmisionari huku kwetu Usambara na aliyejitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu. Iliitwa Union kwa sababu ilitafutwa moja ya kuwaunganisha wote. Asili ni Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki. Hizo siuzi.

Mamajusi hawakuandikwa kuwa watatu. Mathayo anataja zawadi tatu, idadi ya watu hakuitaja, na ufalme wao umetoka kwenye mapokeo ya baadaye. Kuanguka kwa Paulo kutoka juu ya farasi hakukuandikwa, katika Matendo 9 hakuna farasi. Mkingiwa Dhambi ya Asili ni habari ya Maria kutungwa mimba tumboni mwa mama yake, si Yesu kuzaliwa na bikira; hata Wakatoliki wenyewe huchanganya. Na fedha si shina la maovu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba ni kupenda fedha, jambo linalomhusu hata asiye na senti.

Mwisho ni "Jisaidie nami nitakusaidia." Kijana mchora maandishi alikuja mwaka jana kuuliza ni aya gani, ana bajaji ya mtu nje, rangi imeshakorogwa. Nikamwambia haimo. Hakuniamini. Akakaa kwenye kigoda changu nusu saa anapekua Mithali, vidole vyekundu vya rangi, nami namkodolea macho asinichafulie kurasa. Hakuipata. Akashukuru, akatoka, akaichora hivyo hivyo kwa herufi kubwa, na kwa kuwa maneno bila aya hayapendezi, chini yake akaweka Mithali 3:5. Bajaji ile bado inapita hapa mbele kila asubuhi. Aya hiyo inasema: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe."