Asilimia 58 si maksi za mtihani

Wiki hii nimetumiwa tena skrinishoti ya Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya hakiki za muvi na kuzipa nyanya nyekundu zinazokubalika na doa la kijani zisizokubalika: doa la kijani, asilimia 58, na chini yake, "Kaka, muvi imefeli, wahakiki wamehongwa." Aliyetuma hajaiona. Mimi sijaiona. Kwa Tanga hii wengi wetu tutaiona ikishafika kwenye flashi. Lakini Ngamiani imeshagawanyika, na kibanda umiza kimoja kimeandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, pembeni ya ratiba ya mpira: "INAKUJA. 58%. MSIJE KULALAMIKA."

Nahakiki filamu redioni hapa mjini, kwa hiyo ugomvi wote huu unaishia kwenye simu yangu. Naandika ili nisijibu mmoja mmoja.

Ile asilimia si maksi. Hakuna aliyekaa akasahihisha muvi akaipa 58 kwa 100. Ni hesabu ya vichwa: katika kila wahakiki mia, 58 wamesema inafaa, 42 wamesema haifai. Kipimo hakiulizi umeipenda kiasi gani. Chukua wahakiki kumi, kila mmoja aseme, "Sita kwa kumi, inatazamika, ila sirudii." Wote wanahesabiwa upande wa walioikubali, na muvi inatoka na asilimia 100. Sasa chukua nyingine: watano wametoka ukumbini wamepagawa, wameipa kumi kwa kumi, watano wameichukia kweli kweli. Hiyo ni 50, doa la kijani, maana mstari umepigwa kwenye 60. Kwa hela yako ungeenda kuona ipi? Mimi ya pili, sisiti. Ile ya 100 huenda sifa yake kubwa ni kwamba haijamuudhi mtu.

Unayetaka maksi, nenda Metacritic, mtandao mwingine wa kukusanya hakiki. Wao wanachukua alama za kila mhakiki na kupiga wastani, na vyombo vingine wanavipa uzito zaidi bila kusema ni kiasi gani. Hata Rotten Tomatoes wanao wastani wa alama. Bofya ile asilimia utauona. Hakuna anayebofya.

Halafu mnapigana siku ya kwanza! Tuseme zimeingia hakiki 40, na 25 zinaikubali: 62 na nusu, nyanya nyekundu, mashabiki wanashangilia. Kabla ya chakula cha mchana wanakuja watatu wasioipenda. 25 kwa 43 ni 58. Nyanya imegeuka doa, watu wanatukanana, na muvi ni ile ile. Hao watatu wangekuja hakiki zikiwa zimefika 300, isingeshuka hata pointi moja. Tena wale 40 wa mwanzo hawakuokotwa barabarani. Studio ndiyo inayochagua nani aonyeshwe mapema, na ndiyo inayopanga siku ya kuruhusu hakiki zitoke. Subirini siku tatu basi.

La kuhongwa nalipitia haraka kwa sababu linanichosha. Mwaka 2012 ilibidi Rotten Tomatoes wafunge maoni ya The Dark Knight Rises kwa vile wahakiki walikuwa wanatishiwa, na muvi ilikuwa bado haijatoka. Mwaka 2016 mashabiki wa muvi za DC, za kina Batman, walikusanya saini mtandao ufungwe kwa hasira ya Suicide Squad kupondwa, wengine wakiapa kwamba Disney, wenye Marvel ambao ni wapinzani wa DC, inawalipa wahakiki. Wakati huo Warner Bros., wenye muvi yenyewe, walikuwa na hisa kwenye mtandao huo huo. Jamani. Na Venom ya 2018 ilipata kama asilimia 30, ikaingiza zaidi ya dola milioni 800. Mhakiki hana ubavu mnaodhani anao.

Sasa nisijifanye upande wetu ni safi. Hii ya ndiyo au hapana inanisumbua. Hakiki zangu nyingi ziko katikati: muvi ina nusu saa nzuri na saa moja ya kelele. Ningelazimishwa kuchagua nyanya au doa, jibu langu la asubuhi na la jioni lingeweza kutofautiana. Na anayesema ameona 58 kisha akaingia ukumbini na macho yale yale, simwamini, nikiwemo mimi. Alama za watazamaji nazo ni kizungumkuti. The Last Jedi, ile Star Wars ya 2017, wahakiki waliipa 91, watazamaji wakaiacha kwenye arobaini na kitu. Enzi hizo yeyote aliweza kupiga kura bila kuonyesha kwamba alikata tiketi. Utaratibu wa kuthibitisha tiketi ulikuja 2019. Kwa hiyo hasira ile ilikuwa ya walioiona au ya waliosusa? Mpaka leo nabadilisha msimamo kila nikiulizwa.

Mkitaka kunitumia kitu, nitumieni tarehe. Hakiki zimeruhusiwa lini? Studio inayojiamini huachia mapema, watu wasambaze habari. Ikizibana mpaka saa chache kabla ya muvi kutoka, hapo naanza kuingiwa na shaka, hata kama hakuna namba yoyote. Ila hata hilo si msumeno. Wengine wanabana kwa kuogopa siri za hadithi kuvuja. Na filamu za kutisha za bajeti ndogo ndizo kabisa: nyingi wahakiki hawaonyeshwi, na kumbi zinajaa vilevile.