Kompyuta isiyojua kitu bila kaseti

Mafundi watatu walikwisha kuizika kabla haijafika mezani kwangu. Wa kwanza alisema chipu kubwa imeungua. Wa pili akasema ni transfoma. Wa tatu hakusema kitu, ila alirudisha mashine ikiwa na skrubu mbili pungufu. Mwenyewe, mzee mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliyewahi kukaa Italia miaka ya themanini, aliniletea ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kitenge ndani ya katoni la maziwa ya unga.

"Fundi, bote banasema imekufa. Angaliaka na wewe."

"Papa, zamani ilikuwa inatumika?"

"Ilikuwa inatumika muzuri sana. Batoto bote ba parsele balikuwa banajaa mu nyumba."

Nilipofungua kitenge nikakuta Sega SC-3000, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1983, ile yenye vitufe vya mpira. Nikaipa volti 9, nikaiunga kwenye televisheni, nikawasha. Kiwambo kitupu. Nikaifungua, nikapima baada ya regileta, kile kipande kinachoshusha volti hadi 5: volti 4.98, safi kabisa. Chipu ya picha ilikuwa inapata joto lake la kawaida. Hapo nikamuuliza mzee kaseti iko wapi.

"Kaseti gani tena, fundi?"

Hapo ndipo wenzangu watatu walipopotelea, na siwacheki sana. Ukiwasha Commodore 64, ZX Spectrum au MSX, mashine inakusalimia: BASIC, lugha ya kuandikia programu, imechomwa ndani tangu kiwandani, na unaona maandishi yakikusubiri. SC-3000 haina salamu. Ndani yake hamna BASIC wala programu nyingine yoyote. BASIC iliuzwa kando, kwenye kaseti. (Nasema kaseti kama tulivyozoea kuita zile za michezo, kibao cha plastiki chenye meno ya shaba. Ile yenye utepe nitaiita kaseti ya mkanda.)

Prosesa yake, Z80, ikipata umeme huanza kusoma kwenye anwani 0, na anwani 0 iko ndani ya kaseti. Kama kaseti haipo, mara nyingi inachosoma kwenye waya tupu ni namba 255. Kwa Z80 namba hiyo ni amri kamili: ruka uende anwani 56, na uandike mahali ulipotoka ili ujue kurudi. Inaruka. Kwenye anwani 56 inakuta 255 nyingine, inaandika tena, inaruka tena palepale. Mashine ni nzima na inafanya kazi kwa bidii zote, sawa na mtu anayebisha hodi kwenye nyumba tupu na kuuchukua mwangwi wake kuwa jibu. Ukiipima unakuta kila kitu kinahema. Ukitazama televisheni, hakuna kitu.

Mzee akapekua katoni lake. Chini kabisa, kati ya waya za redio na kikombe kilichovunjika sikio, akatoa kaseti moja iliyoandikwa Congo Bongo. Nikaifuta, nikaichomeka, nikawasha. Gorila akatokea. Mzee akapiga kofi moja tu, akakaa.

Niseme kidogo juu ya huo mchezo kwa sababu ya jina lake. Ni wa Sega, wa 1983: mwindaji aliyechomewa hema anamfukuza gorila msituni. Watoto wa hapa Lubumbashi wakisoma jina hucheka, kwa sababu gorila si jirani yetu. Wa kumwona lazima aende mbali, Kahuzi-Biega, upande wa Bukavu. Huku kwetu ni miombo, vichuguu na bomba la moshi la kiwanda.

Tangu siku hiyo nimeitumia mashine hii karibu kila wiki, na kazi yake ni michezo tu. Sijaandika hata mstari mmoja wa programu juu yake. Nina marafiki wapenda mashine za zamani wanaoona hilo ni aibu: kompyuta ni ya kuandikia programu, wanasema, ukitaka michezo tafuta konsoli. Kwa mashine nyingine huenda wana haki. Kwa hii, hapana.

Tarehe 15 Julai 1983 Sega walitoa Japani mashine mbili kwa pamoja: konsoli SG-1000, yeni 15,000, na kompyuta SC-3000, yeni 29,800. (Siku hiyohiyo Nintendo nao walitoa konsoli yao, Famicom, kwa yeni 14,800. Familia zetu zote zimezijua nakala zake za bei nafuu, zile zenye kaseti ya "9999 mu 1" ambamo mchezo uleule unarudi kwa majina mia.) Ukizifungua hizo mbili za Sega, unaona watoto wa baba mmoja na mama mmoja: Z80A ya megahezi 3.58, chipu ya picha TMS9918A ya Texas Instruments yenye kumbukumbu yake ya kilobaiti 16, na chipu ya sauti SN76489 yenye sauti tatu na moja ya kelele. Kaseti ya konsoli inaingia kwenye kompyuta bila adapta. Mnunuzi wa 1983 alilipa karibu mara mbili, akapata klavye (kibodi), njia ya kaseti ya mkanda, na kilobaiti 2 za RAM, kumbukumbu ya kazi, badala ya 1. Halafu akaambiwa BASIC ni pesa nyingine.

Kwa hiyo ninaposema ni konsoli iliyofungwa klavye, simtukani mtu. Na kwa kucheza ni bora kuliko konsoli yenyewe. SG-1000 ya kwanza ilikuwa na maneti moja (kile kishikio cha kuchezea) iliyofungwa moja kwa moja ndani ya mashine, waya haukutoka, na hiyo maneti haikusifiwa na mtu. SC-3000 ina matundu mawili ya pini 9, ya aina ileile ya Atari. Ninachomeka maneti za Master System, konsoli nyingine ya Sega, na vitufe vyote viwili vinafanya kazi. Maneti ikifa, unaweka nyingine.

Klavye nayo? Nusu ya vitufe imekufa. Sijavigusa, kwa sababu kwa michezo yangu ninahitaji kimoja tu, na hicho kina jina la kudanganya. Jumapili moja nilikuwa ninacheza Flicky, mchezo wa ndege, na mtoto wa dada yangu, tumefika mbali, dada akaita kwamba bukari inapoa. Nikanyosha kidole kwenye RESET.

"Tonton, usifinye! Utauwa mchezo!"

Nikafinya. Kila kitu kikasimama palepale, yule ndege akiwa hewani. Tukala, tukanawa, nikafinya tena, ndege akaendelea kuruka. Mtoto aliniangalia kama mganga. RESET ya mashine hii haizimi kitu. Waya wake unaenda kwenye mguu wa Z80 unaoitwa NMI, mlango wa dharura ambao prosesa haiwezi kuukataa: iache inachofanya, isikilize kwanza. Kwenye SG-1000 waya uleule unafika kwenye kitufe cha HOLD. Michezo iliandikwa kwa ajili ya HOLD, kwa hiyo inaichukua RESET kuwa ni kusimama kidogo. Atakayefufua mashine hii na aanze na kitufe hicho, vingine vingoje.

Sasa picha. Watu hulalamika kwamba vitu "vinapotea-potea" kwenye michezo hii, na wengine huniletea wakitaka nibadilishe chipu. Usibadilishe. TMS9918A huchora vitu vinavyotembea, hadi 32, juu ya picha ya nyuma, lakini kwenye mstari mmoja wa kiwambo haiwezi kuchora zaidi ya vinne. Ni kama kiti cha nyuma cha taksi zetu, wanne basi. Ila tofauti na madereva wetu, chipu hii haimkalishi wa tano juu ya mapaja ya mwenzake: inamwacha njiani. Waandishi wa michezo waliijua hesabu hiyo, wakawa wanazungusha zamu: picha hii anaachwa huyu, picha inayofuata yule. Jicho lako linaona wote wakimetameta. Hitilafu ya kweli ina sura nyingine: michirizi ya rangi inayojirudia kwa mpangilio uleule kila mahali, hata kwenye maandishi. Hapo ndipo ninaposhuku kumbukumbu ya picha na kuchukua chuma cha kulehemu.

Mashine ya mzee ni ya Ulaya, inatoa PAL, mfumo wa televisheni wa kule, wa picha 50 kwa sekunde, wakati michezo mingi iliandikwa Japani kwa picha 60. Mchezo huhesabu muda wake kwa picha, si kwa saa. Kwa hiyo kilichochukua sekunde 60 kule, hapa kinachukua 72. Muziki haushuki sauti, mwendo wake tu ndio unaochelewa. Wengine wanaona ni kasoro. Mimi na vidole vyangu vya miaka hii tunashukuru. Nikiicheza kwenye televisheni bapa, nyingi hutia ukungu picha hizi za zamani au hukataa kabisa kuzionyesha, ndiyo maana ninashika televisheni ya tumbo ambayo jirani alitaka kuitupa. Ninaiunga kwa tundu la DIN la pini 5 lililoko nyuma, si kwa waya wa antena. Tofauti unaiona ukiwa mlangoni.

Lakini sababu kubwa ya kushikilia kaseti ni kuru, yaani umeme. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunapakia michezo kwa kaseti ya mkanda kwenye kompyuta nyingine. SC-3000 nayo inaweza, kwa biti 1,200 kwa sekunde. Piga hesabu: mchezo wa kilobaiti 32, kila baiti ikisafiri na biti zake za kuanzia na kumalizia, jumla 11, ni dakika 5 za mlio wa nyenje. Dakika ya nne na nusu, kuru inaondoka. Ikirudi, unaanza upya. Anayeishi katika mtaa wenye zamu za umeme anajua uchungu huo. Kaseti ya mchezo haipakii kitu. ROM, chipu yenye mchezo, iko moja kwa moja kwenye waya za anwani za prosesa; kuru ikirudi, kabla televisheni haijapata joto mchezo umekwisha kuanza.

Na siku ambayo kuru hairudi kabisa, mashine inataka volti 9 tu. Nyumbani nina pano la jua na batri ya volti 12. Kishawishi ni kuunga batri moja kwa moja, na kweli itawaka. Usifanye hivyo. Regileta ya ndani inashusha hadi volti 5 kwa kugeuza ziada yote kuwa joto. Tuseme mashine inavuta ampea 0.8: kwa volti 9 regileta inachoma wati 3.2, kwa 12 inachoma 5.6, na batri inapochajiwa ikafika volti 14.4 ni 7.5. Ndani ya plastiki ile iliyofungwa, na chipu ya picha ikiongeza joto lake, unajipikia sombe. Ninatumia kibao kidogo cha kushusha volti, nimekiweka kwenye 9 kamili na kukifunga na gundi ili kirekebishi kisisogezwe na watoto. Soma pia alama ya ncha chanya na hasi kwenye mwili wa mashine kabla ya kuchomeka kitu chochote. Nimepokea mbili zilizouawa na adapta iliyopinduliwa.

Vumbi. Mwezi wa saba na wa nane vumbi letu jekundu linaingia hata ndani ya chupa iliyofungwa, na meno ya kaseti yanalipenda. Sote tulikua tukipuliza kaseti kabla ya kuichomeka, ikawa kama sala. Mate yanachochea kutu. Kilichokusaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Chukua gomu nyeupe ya shule, ile ya kufutia, sugua meno polepole kwa urefu wake, malizia na pamba yenye alkoholi, subiri ikauke. Msasa hapana: fundi mmoja aliutumia kwenye ile Congo Bongo na kwenye meno mawili shaba imebaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Na zima mashine kabla ya kutoa au kuingiza. Kila mara.

Kwa kupima mashine nyingine nimejitengenezea kaseti yangu: EPROM (chipu ambayo mtu anaweza kuiandikia programu mwenyewe) ya 27C256, kilobaiti 32, inaingia sawasawa kwenye eneo ambalo kaseti za kawaida hutumia, pamoja na kiprogramu kinachochora mistari ya rangi na kupiga sauti moja moja. Tangu niwe nayo sikubali tena kuambiwa kwamba mashine imekufa bila kuiuliza yenyewe kwanza.

Mzee alikuja kuichukua baada ya wiki mbili. Akacheza nusu saa, akaniuliza kama inaweza bado kuandika hesabu za duka, jinsi mkewe alivyokuwa anafanya zamani. Nikamwambia bila kaseti ya BASIC haiwezi, na hiyo haimo katika katoni.

"Basi ikae kwako kwanza," akasema. "Nitatafuta mu nyumba ya mukubwa wangu, kule Katuba."

Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana. Anapita karibu kila Jumamosi, haji na kaseti, na kabla ya kukaa anavuta kiti karibu na televisheni.